Mwaka Waliosema Nyafuru Hakufanya Mtihani

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Wambura kijijini kwao Butiama, na kwa saa tatu nzima nilikaa chini ya turubai nikisikiliza watu wakimsifu. Huyo ndiye aliyekuwa mratibu wa taaluma, mwenye mitihani, matokeo na mafaili yote, katika chuo cha ualimu nilichosoma nikiwa msichana wa miaka ishirini na moja. Chuo chenyewe sitakitaja. Kimeshabadilisha wakuu mara nyingi, na waliopo sasa hawana kosa. Msoma wasifu alisema marehemu alikuwa mtu wa utaratibu, na kwamba katika utumishi wake wote hakuwahi kupindisha kanuni. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi neno hilo, utaratibu, lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki ningu. Rhobi, tuliyelala naye chumba kimoja chuoni na ambaye siku hizi ana duka la vifaa vya shule Manyamanyama, aliniinamia akanong'ona, "Ni kweli hakupindishaga. Alituvunjaga sisi, kanuni ikabaki imenyooka." Nilijua anamsema nani. Nyafuru, wa tatu wetu chumbani, hakuja msibani. Nilikuwa nimempigia simu siku moja kabla, akaniambia ziwa lina upepo, hatavuka, nimpe pole mama mjane. Nikamuuliza kama bado ana kinyongo. Akasema, "Wegesa, mimi nilishamwachia Mungu zamani. Wewe ndio umebaki naye." Ni kweli, nimebaki naye, na kwa kuwa watu wamemsifu hadharani kwa utaratibu wake, mimi nitaeleza utaratibu huo ulikuwaje.

Chumba chetu kilikuwa namba sita, mwisho wa bweni la wasichana, upande unaotazama ziwa. Kilikuwa na vitanda viwili vya ghorofa na sisi watatu tu, kwa kuwa wa nne hakuripoti. Kitanda chake tuliweka masanduku na, chini ya mablanketi, jiko la mafuta ya taa lililokuwa marufuku. Nyafuru Majura alitokea kisiwani Rukuba, na kila aliporudi likizo alikuja na mfuko wa furu waliokaushwa, samaki wadogo wa kwetu ambao ukiwapika na nyanya na chumvi basi, hawahitaji kingine. Bwaloni tulikula ugali na maharage Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili makande. Kwa hiyo siku ya furu chumba namba sita kilijaa watu. Siku moja matroni alifuata harufu akafungua mlango bila kubisha. Jiko lilikuwa linawaka katikati ya sakafu. Akatuangalia mmoja mmoja, akafunga mlango nyuma yake, akakaa kitandani, akasema, "Nawapa onyo. Na nipeni ugali kidogo, huu mchuzi usipotee." Namtaja kwa sababu alikuwa na sheria mkononi kama Mwalimu Wambura alivyokuwa nayo, tena mwanzoni nilidhani watu wote wenye sheria wako hivyo, kwamba wanaangalia kwanza aliye mbele yao.

Nyafuru alikuwa na mwandiko ambao sijauona tena. Alikuwa akifanya mazoezi kwa chaki kwenye mlango wa kabati, herufi moja safu nzima, anafuta, anaanza nyingine, huku sisi tukimwambia aache vumbi. Alitaka kufundisha darasa la kwanza. Wengi wetu tulikimbia darasa la kwanza. Tulitaka la saba, wanafunzi wanaojifuta kamasi wenyewe. Yeye alisema shule ya kwao ilikuwa na walimu wawili kwa madarasa yote, na mtoto aliyeanza vibaya kushika kalamu alienda hivyo hivyo hadi alipoacha shule akaingia mtumbwini. Tulipokwenda mazoezi ya kufundisha, yeye alipangiwa shule moja Bunda, na mwalimu mkuu wa huko alimwandikia mkufunzi wetu barua akiomba wampeleke tena. Naandika haya ili ijulikane aliyefutwa alikuwa nani.

Mtihani wa mwisho wa mwaka wa kwanza tuliufanya pamoja, ukumbi mmoja, dawati lake mbele ya langu. Niliuona mgongo wake siku tano mfululizo. Mwaka ule tulikuwa bado tunaandika majina kwenye karatasi za majibu, si namba. Tukamaliza, tukaenda likizo. Matokeo yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo chuoni, sisi tukiwa makwetu, Nyafuru akiwa kisiwani anaanika dagaa na mama yake. Hakuna aliyetumiwa barua. Tuliporudi, tulikimbilia ubaoni na mabegi yetu mikononi. Nikajiona, nikamwona Rhobi, nikaanza kumtafuta Nyafuru ili nimpongeze kabla hajafika. Kwenye nafasi ya arobaini na saba palikuwa na jina Nyafulu Majula, na mbele yake, kwa mashine ya kuchapa, palikuwa na neno moja: HAKUFANYA. Rhobi alicheka. Akasema, "Hao wamekosea kuchapa, watarekebisha tu." Nyafuru naye alipofika alicheka, akasema karani amemwandika kama bibi yake anavyomwitaga. Tulicheka wote watatu. Sijui kama kuna kitu kinachonikera zaidi ya hicho kicheko, maana kilitoka kwa watu walioamini kwamba ukikuta kosa dogo kwenye karatasi, mwenye karatasi atashukuru umemwonyesha.

Ofisi ya taaluma ilikuwa na dirisha la mbao lililofunguliwa kwa wanafunzi Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa sita. Siku nyingine ukigonga hujibiwi, hata kama unawasikia ndani wakiongea. Jumanne Nyafuru alipanga foleni saa mbili unusu. Alipofika dirishani, karani alimwambia hilo ni suala la mkuu wa idara. Mkuu wa idara alisema hawezi kugusa matokeo bila fomu ya rufaa. Fomu ya rufaa inatolewa taaluma, dirishani, na dirisha lilikuwa limefungwa. Alhamisi akapewa fomu. Iwe na saini ya matroni, ya mkufunzi wa darasa, ya mkuu wa idara. Matroni alitia saini akiwa amesimama, hata hakuiweka mezani. Wengine wawili walikuwa semina Bunda hadi Jumatatu. Jumanne iliyofuata Nyafuru aliirudisha fomu ikiwa imekamilika, na hapo ndipo Mwalimu Wambura mwenyewe alipokuja dirishani. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nilisikia kila neno. Alivaa shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na hakupaza sauti. Hakupazaga sauti hata siku moja.

"Binti, rufaa ni siku kumi na nne tangu matokeo kubandikwa."

"Mwalimu, yalibandikwa tukiwa likizo. Mimi niko Rukuba."

"Yalibandikwa hadharani."

"Shikamoo mwalimu, samahani," mimi nikaingilia, "sasa mtu wa kisiwani angeonaje ubao?"

Hakuniangalia. Alimrudishia Nyafuru fomu, akailainisha kwanza kwa kiganja pale ilipokunjika. "Kanuni haisemi kuona. Inasema kubandikwa. Na asiyefanya mtihani bila kibali amejiondoa mwenyewe chuoni. Muone matroni kuhusu kitanda."

Kitanda chenyewe kilikuwa kimeshaondolewa kwenye orodha, na kadi yake ya chakula haikutoka. Kwa wiki tatu Nyafuru aliishi chumba namba sita kama mgeni asiyealikwa. Bwaloni nilikuwa naomba ugali wangu uongezwe, Rhobi hivyo hivyo, tunapeleka chumbani kwenye bakuli lenye kifuniko. Matroni alikuwa anapita kwenye korido anatazama ukutani. Nyafuru alikula kidogo sana. Alikuwa ameacha kuandika kwenye mlango wa kabati. Siku moja alinishika mkono akaniuliza, taratibu kabisa, kama nina hakika nilimwona kwenye mtihani. Nilimwambia niliona mgongo wake siku tano. Akasema, "Basi niambiage mara kwa mara. Naanza kusahau." Hasira yangu naikumbuka ilianzia hapo. Mtu alikuwa amefanya mtihani, akiwa na akili zake timamu, na dirisha la mbao lilikuwa linamfundisha kujitilia shaka.

Mimi nilikuwa mwakilishi wa darasa, na wakati ule wawakilishi tuliitwa kusaidia kupanga mafaili ya wanafunzi wapya waliotarajiwa kuripoti. Ndivyo nilivyoingia ofisi ya taaluma kwa mlango badala ya dirisha. Kwenye kabati la chuma palikuwa na daftari kubwa la usajili. Nilitafuta namba arobaini na saba. Karani aliyetupokea mwaka wa nyuma alikuwa amesikia jina akaliandika alivyosikia: Nyafulu Majula. Kwetu Mara r na l zinabadilishana viti bila kugombana, kila mtu anajua. Mjomba mmoja huyo huyo ataitwa Mafuru sokoni na Mafulu kanisani. Lakini orodha ya mtihani ilinakiliwa kutoka kwenye daftari hilo, na mwingiza alama alipokuta karatasi zilizoandikwa Nyafuru Majura, na kwenye orodha hakuna mtu huyo, aliziweka pembeni. Kwenye stoo ya mitihani, pembeni mwa ofisi hiyo, palikuwa na bahasha juu ya kabati, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: ZISIZO NA MWENYEWE. Niliiteremsha. Ndani kulikuwa na karatasi tano, mwandiko ule ule wa mlango wa kabati, zimesahihishwa, na ya kwanza ilikuwa na alama nyingi kuliko zangu.

Niliirudisha bahasha mahali pake, kwanza nikafanya kama nilivyofundishwa. Niliandika barua kwa Mkuu wa Chuo nikieleza majina mawili na bahasha ilipo. Lakini barua ya mwanafunzi haiendi kwa mkuu moja kwa moja. Juu yake unaandika "kupitia kwa" fulani, na fulani, na fulani, na kila mmoja anagonga muhuri. Wa mwisho katika mlolongo huo alikuwa mratibu wa taaluma. Yaani malalamiko dhidi ya ofisi ya Mwalimu Wambura yalitakiwa yapite kwenye meza ya Mwalimu Wambura, ayape baraka zake. Nimefanya kazi vyuoni miaka mingi sasa na bado siamini kwamba watu wazima, waliosoma, waliketi kwenye kikao wakapitisha jambo kama hilo bila mmoja wao kuinua mkono. Wiki ikapita. Niliiona barua yangu kwenye trei yake, chini ya katalogi ya samani. Wiki ya pili ilikuwa bado ipo.

Basi siku ya Jumatatu, karani alipokwenda kunywa chai, niliingia stoo, nikachukua ile bahasha, nikavuka uwanja nikiwa nimeibana kifuani, nikaenda ofisi ya Mkuu wa Chuo. Mkuu alikuwa mama mmoja mtulivu, mgeni wa miezi michache. Alizitandaza karatasi mezani, akausoma mwandiko, akatoa fomu ya maombi ya Nyafuru kwenye faili akalinganisha. Nilimwona akikubali. Aliinua simu ya mezani akamwita Mwalimu Wambura. Mpaka leo nikiifikiria ile dakika moja ya kumsubiri najisikia mwepesi, maana niliamini imekwisha.

Mwalimu Wambura aliingia, akaamkia, akatazama meza. "Mkuu, hizi zimetoka wapi?"

"Huyu mwanafunzi amezileta. Ni za yule binti wa Rukuba. Alifanya mtihani, mwalimu, angalia mwenyewe."

"Zimeletwa na mwanafunzi kutoka stoo ya mitihani?" Alivuta kiti akakaa. "Bila kibali? Basi mkuu, hatuwezi kuzitumia. Karatasi ya mtihani ikitoka stoo mikononi mwa mwanafunzi, hatuna uhakika tena kilichoandikwa ndani. Mimi sisemi kaandika yeye. Nasema kanuni."

"Lakini zimesahihishwa, mwalimu," nikasema. "Kuna kalamu ya mkufunzi humo. Muulizeni."

"Wegesa," alisema kwa upole, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja jina langu, tena alilitaja sawasawa, "zingebaki stoo, zingeweza kumsaidia."

Sijawahi kupigwa kofi lililoniuma kama sentensi ile. Nilimwangalia mkuu. Mama yule alizikusanya zile karatasi polepole, akazipanga kingo kwa kingo, na nikaona anavyorudi nyuma ndani yake mwenyewe. Alikuwa mgeni, naye Wambura alikuwa na miaka kumi na kitu pale, akijua kila waraka ulipo. Mimi nilisimamishwa masomo wiki mbili kwa kuingia stoo. Nyafuru alipewa njia moja: arudie mwaka wa kwanza. Majina mapya yalikuwa yameshafungwa, kwa hiyo asingeweza kuomba upya kwa jina lake. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa ile ya arobaini na saba, na nafasi hiyo, kwa maneno ya Mwalimu Wambura, ilikuwa ya Nyafulu Majula. Kulirekebisha daftari kulihitaji kibali kutoka juu, miezi isiyojulikana mingapi. Hati ya kiapo mahakamani ilihitaji asubuhi moja. Aape kwamba yeye ndiye Nyafulu.

Nilidhani atakataa. Nilimwambia akatae, tukiwa tumekaa kwenye mawe pale ufukweni Mwigobero akisubiri mtumbwi wa kumrudisha kisiwani. Nilimwambia twende kwa mkuu wa wilaya, twende kanisani, darasa zima liko tayari kugoma kula. Alikuwa anamenya karanga, ananipa mimi, yeye hali. Akasema, "Mkigoma mtafukuzwa wote. Halafu Rukuba itapata mwalimu kutoka wapi?" Nikamwambia hiyo si haki. Akasema anajua si haki, hakuhitaji mimi nimwambie. Halafu akaniuliza kama nilipochukua ile bahasha nilimuuliza yeye. Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa na hasira safi ya miaka ishirini na moja, nikakimbia nayo uwanjani, na mwenye karatasi alikuwa chumba namba sita anafua. Hakuninunia. Alipanda mtumbwi, akanipungia mkono. Lakini nilirudi kwetu Butiama kutumikia adhabu yangu nikijua kwamba kwenye hesabu ya makosa ya yule bwana na mimi nimo.

Leo mimi ni msajili wa chuo, mkoa mwingine. Kabla jina halijaingia kwenye daftari letu, mwanafunzi anasomewa, analisoma mwenyewe, anaweka saini pembeni. Matokeo hayahesabiwi yametoka mpaka mhusika ayapate mkononi, na siku za rufaa zinaanzia hapo. Lalamiko halipiti kwa anayelalamikiwa. Dirisha hatuna, tuna meza na viti viwili, siku zote za kazi. Haya yote niliyapigania kikao baada ya kikao, na wapo vijana ofisini kwangu wanaoona namaliza muda wa watu kwa mambo madogo. Mwaka jana mmoja alinijibu, "Mama, ni herufi moja tu." Nilimtoa nje. Herufi mbili ndizo zilizomrudisha Nyafuru nyuma mwaka mzima, na baada ya hapo zikamfuata: cheti cha ualimu, barua ya ajira, uhamisho, kila karatasi ya kazi yake tangu hapo inamtaja mwanamke ambaye mama yake hakumzaa. Kila anapotakiwa kuthibitisha kwamba alisoma sekondari, anabeba kile kiapo kwenye mfuko wa nailoni, na kuna afisa fulani anamtazama kama mwizi. Hayo hayakusomwa kwenye wasifu, Butiama.

Nilirudi kutoka kwenye adhabu siku ambayo mwaka wa kwanza wapya walikuwa wanaripoti. Wawakilishi wa darasa ndio waliokaa mezani getini kuandikisha, na hakuna aliyekumbuka kuniondoa kwenye zamu. Walikuja na magodoro na ndoo, wazazi wengine wamevaa suti za kanisani. Mwalimu Wambura alikuwa anapita nyuma ya meza zetu, mikono mgongoni, anasimamia. Karibu saa sita niliinua macho nikamwona Nyafuru kwenye foleni, kati ya wasichana wa miaka kumi na minane, amebeba lile godoro lake la mistari tulilolijua sote. Foleni ikasogea. Akafika mezani kwangu. Nyuma yangu viatu vya Mwalimu Wambura vikasimama.

Utaratibu ulikuwa kwamba mwandikishaji aulize, hata kama anamjua mtu. Nilisubiri mwalimu apite, hakupita.

"Muulize jina," alisema.

Nyafuru aliweka godoro chini. Aliniangalia mimi, hakumwangalia yeye, akalitamka taratibu, l zote mbili zikiwa mahali pake. "Nyafulu Majula."

Kalamu ilikuwa mkononi. Niliiweka chini, nikaichukua tena, nikaanza kuandika N, nikaishia hapo. Nyafuru aliinama kama anayetaka kusoma fomu, kichwa chake kikakaribia changu.

"Andika, Wegesa," akasema. "Watoto wa Rukuba wataniita mwalimu tu."

Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya, na wino ukachafua mstari wa chini. Alinionyesha kiapo chake, akasaini fomu, akapokea ufunguo, akainua godoro kichwani, akafuata wale wasichana wadogo kuelekea bweni la mwaka wa kwanza, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kumuuliza bwalo liko wapi.